Baba Yake Matrona Ana Miaka Sita

Barua ya watu wa kodi ilimfikia dada yangu Matrona wakati mto unaanza kuganda, na ilimtaka aeleze jambo moja tu: inakuwaje baba yake mzazi awe na miaka sita?

Haikuandikwa kwa kejeli. Ilikuwa na adabu na maneno marefu, na mwalimu mmoja wa shule ndiye aliyetufafanulia. Mwezi Machi uliopita Matrona alikuwa amejaza kwamba nyumbani kwake anamtunza mtu mmoja, jina lake Natalia, na mahali pa kuandika uhusiano pameandikwa "baba". Tarehe ya kuzaliwa ni ya mtoto wa chekechea. Kwa hiyo alete maelezo na ushahidi, ama arudishe fedha alizopewa kwa ajili ya mtoto huyo, na kwa miaka miwili asimtaje tena kwenye fomu zake.

Fedha zenyewe zilikwisha kuwa injini ya boti. Lakini si injini iliyomkosesha dada yangu usingizi.

"Wanasema nimedanganya juu yake," aliniambia. "Yaani nimeiba mtoto kwa kalamu."

Matrona ni binti wa mama yangu mkubwa. Ndiye anayesimamia nyumba ya maji ya kijiji, pale tunapochota maji na kufua nguo. Hakuwahi kuzaa. Mumewe alikufa mapema kwa kifua, na baada ya hapo akarudi kukaa na baba yake, mzee Nacaq, wakavua samaki pamoja, yeye akikata na mzee akitengeneza nyavu. Mzee alipolazwa hospitali ya Bethel hakutaka chakula cha pale. Alitaka samaki mkavu wa kwao na mafuta ya sili, mnyama wa baharini. Muuguzi akasema harufu itawasumbua wagonjwa wengine. Matrona akafungua dirisha, mwezi wa Januari, akasimama mbele ya upepo ili usimpige mzee, akamlisha kipande kwa kipande. Muuguzi alipokuja kufunga dirisha alimkuta mzee anatabasamu na mafuta yanamtiririka kidevuni, akafunga mlango badala yake. Ndivyo alivyo dada yangu. Hagombani na mtu. Anasimama tu pale alipoamua kusimama.

Mzee alifariki. Barafu ya mto ilikuwa haijapasuka bado Vera alipojifungua mtoto wa kike. Vera ni binti wa kaka yake Matrona, anakaa Anchorage, na tangu mimba alikwisha sema mtoto ni wa shangazi. Alimkabidhi, akarudi mjini. Mtoto akalia. Alilia kwenye ndege, akalia nyumbani, hakushika chupa, mpaka mimi nikaanza kuogopa na kumwambia Matrona amrudishe hospitali. Ndipo bibi mmoja alipochovya kidole kwenye maji, akayagusisha midomo ya mtoto na kumwita: Nacaq. Mtoto akanyamaza, akanyonya, akalala.

Kwetu anayepewa jina la marehemu ni marehemu mwenyewe aliyerudi; tangu siku hiyo Matrona alirudishiwa baba yake, na anamwita hivyo. Mimi namwita baba mkubwa, maana ndiye aliyekuwa mume wa mama yangu mkubwa. Binti yangu Feona anamwita babu. Mtoto anaitika yote, na akitaka peremende dukani anajua amkumbushe nani cheo chake.

Sasa lile kosa lilitokeaje? Kila mwezi Machi wanafunzi wa chuo huja kwa ndege ndogo, wawili wawili, kijiji baada ya kijiji, kutujazia fomu za kodi bila malipo. Wanalala chini madarasani na wanafanya kazi maktaba ya shule. Wasipokuja, itabidi mtu apande ndege hadi mjini na kumlipa mtu wa huko, ambaye naye anakata kipande chake kinono. Mwaka ule alikuja binti mmoja wa kusini, mpole, mwenye haraka. Alimuuliza Matrona nyumbani analisha watu gani. Matrona akasema, "Mimi na baba yangu tu," akatoa kadi ya mtoto. Binti akanakili jina, namba na tarehe, akaandika "baba", hakuangalia. Mwenzake wa kumkagua alikuwa amejilaza chini na ndoo pembeni, ndege ilimvuruga tumbo. Karatasi ikaenda hivyo hivyo.

Mwaka uliofuata aliyekuja alikuwa Feona wangu.

Anasoma mambo ya hesabu za fedha Anchorage, naye alijiandikisha kujitolea, akaomba vijiji vya kwetu. Watu walinipongeza. Mimi nikiwa na mtoto angani, chakula hakipiti. Asubuhi ile nilisimama dirishani nikitazama mawingu upande wa mto, na ndege ilipotua nilimhesabia hatua mpaka alipokanyaga theluji. Amekonda. Amevaa viatu vya mjini. Nyuma yake akashuka kijana mrefu aitwaye Colby, wa Nebraska, amebeba kompyuta kama anayebeba mayai.

Matrona alikuwa wa kwanza maktaba. Alivaa koti lake la sikukuu, amemshika mtoto mkono. Mimi nilikuwa nimeleta mikate na samaki kwa ajili ya wageni, nikakaa pembeni.

"Shikamoo, mama mkubwa," Feona akasema. Akainama. "Shikamoo, babu."

"Marahaba," mtoto akajibu. "Umeniletea nini?"

"Nimekuletea machungwa. Yako kwa mama."

Moyo wangu ukatulia kidogo. Feona akaisoma barua, akaikunja, akatabasamu kama mtu aliyeona kazi nyepesi.

"Hii ni rahisi. Neno moja tu liliandikwa vibaya. Tunalibadilisha na kuwapelekea upya. Naandika mjukuu wa kaka yako, imekwisha."

"Nani mjukuu wa kaka yangu?" Matrona akauliza.

Feona akamtupia mtoto jicho.

"Nakuuliza wewe. Umemwamkia nani sasa hivi?"

"Babu."

"Na babu yako wewe ni nani kwangu mimi?"

"Ni baba yako."

"Haya. Andika."

"Mama mkubwa, si ndilo lile lile walilolikataa?"

"Walikataa kwa sababu hawajui. Wewe unajua. Waambie."

Colby akanong'ona kuuliza kuna nini. Feona akamweleza kwa Kiingereza. Kijana akamtazama mtoto, na mtoto, mdomo umejaa chungwa, akamtazama yeye.

"Lakini huyu ni msichana," Colby akasema.

"Mwambie rafiki yako nimeona," Matrona akasema.

Feona akajaribu tena, taratibu. "Basi babu aende ukumbini akacheze mpira, tuzungumze sisi watu wazima."

"Nimtoe baba yangu nje ili nimkane akiwa mlangoni? Huko chuoni mnafundishwa nini?" Matrona akainuka. Hakupandisha sauti. Akachukua barua yake, akamfunga mtoto kofia, wakatoka.

Mchana Feona alikuja nyumbani kula. Alimega samaki bila kumtia mdomoni.

"Mama, ongea naye wewe. Ndege inatuchukua kesho. Asipojibu safari hii, wataandika kwamba alidanganya. Watamdai, na mtoto hatahesabiwa wake."

"Si uandike tu kimya kimya? Mjukuu wa kaka. Yeye haoni."

"Siandiki peke yangu. Nikimaliza mimi, Colby anakaa naye upya, anamuuliza yote kwa mdomo wake, na yeye anajibu kwa mdomo wake. Halafu anatia sahihi kwamba ni kweli. Mwaka jana ndicho kilichorukwa, ndiyo maana tuko hapa." Akasukuma sahani. "Unafikiri mimi napenda? Unafikiri nimesahau?"

Ndicho hasa nilichokuwa nikifikiri. Tangu asubuhi nilikuwa namchunguza mwanangu kama mtu anayekagua nyama iliyokaa nje. Niliogopa wamenibadilishia.

Na niliogopa jambo jingine, ambalo Feona pia alilijua ingawa hakulitaja. Jina likikanwa, mwenye jina anaweza kujiendea zake. Nimeshaona mtoto aliyeitwa vibaya na watu wa kwao, jinsi alivyoumwaumwa na kukauka. Madaktari wana majina yao ya ugonjwa ule, na mimi sibishani nao, lakini niliona.

"Liko jambo la pili," Feona akasema baadaye. "Baraza la kijiji. Kama baraza litaandika kwamba mama mkubwa alimpokea tangu kuzaliwa, kwa desturi yetu, basi serikali inakubali ni mtoto wake, sawasawa na aliyemzaa. Halina haja ya kumtaja kaka wala mjukuu."

Nilivaa buti nikaenda nyumba ya maji. Matrona alikuwa anapangusa mashine za kufulia. Nilimweleza. Alisikiliza akiendelea kupangusa.

"Baraza waandike wanachokijua, sawa," akasema. "Ila sitasema si baba yangu. Si kwa baraza, si kwa yule kijana mrefu."

"Hakuna anayekuambia useme."

"Watu wa karatasi hawakuambii useme. Wanakuuliza, halafu wanakaa kimya."

Baraza lilikutana siku ile ile, wazee watatu na mama mmoja, kwenye chumba chao chenye jiko la mafuta. Mwenyekiti ni mzee Evon. Marehemu Nacaq alikuwa binamu yake wa utani, na kwetu utani wa mabinamu hauishi kwa sababu mmoja amekufa na kurudi. Matrona alipoingia na mtoto, Evon akagonga meza.

"Jamani, mnamwona huyu? Leo kaja mkutanoni! Zamani tukimwita, mgongo unauma."

"Mgongo ulikuwa wako," mtoto akasema. "Binti yangu ameniambia. Ulikuwa unalala kwenye boti, mimi navuta nyavu."

"Matrona! Unamfundisha baba yako uongo?"

"Namkumbusha tu," Matrona akasema.

"Na meno yako yako wapi, binamu?" mtoto akauliza.

"Umeyala wewe! Ulikula nyama yote ukaniachia mifupa, yakang'oka."

Wazee walicheka mpaka mmoja akakohoa. Feona, aliyekuwa na kompyuta magotini tayari kuandika, alikuwa anacheka pia, amejifunika mdomo kwa mkono kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo. Nilimwona. Nikashusha pumzi niliyokuwa nimeibana tangu ndege ilipotua.

Kisha Evon akawa na uso wa kazi. Wakampigia Vera simu, sauti ikawekwa wazi.

"Mnaniuliza nini?" Vera akasema huko Anchorage, nyuma yake magari yananguruma. "Nilimpa shangazi kabla sijatoka hospitali. Hajambo lakini?"

"Hajambo. Ananitukana," Evon akasema.

"Basi ni yeye."

Karatasi ikaandikwa. Haikuwa na mapambo. Ilisema kwamba kwa desturi ya watu wetu mtoto Natalia, aitwaye Nacaq, ni mtoto wa Matrona tangu alipozaliwa, na kwamba kijiji kizima ni shahidi. Wakatia sahihi. Evon akataka mtoto naye atie, Feona akasema hairuhusiwi, Evon akasema sheria gani hiyo inayomzuia mzee wa mji.

Mimi nilidhani imekwisha. Lakini bado kulikuwa na Colby.

Asubuhi upepo ulianza kubadilika, na rubani akatuma habari kwamba anawahi kuja, atakayechelewa abaki mpaka hali itulie. Maktaba ilijaa watu wenye bahasha zao. Feona alimaliza fomu ya Matrona, akabandika karatasi ya baraza, akainuka, na Colby akakaa kwenye kiti kile kile. Hiyo ndiyo kazi yao. Aliuliza jina. Aliuliza anwani, mshahara wa nyumba ya maji, mgao wa fedha za mafuta tunaopewa na jimbo kila mwaka, samaki aliowauza. Feona akatafsiri, Matrona akajibu. Halafu kijana akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta.

"Na Natalia. Ni nani kwako?"

Hakuuliza kwa ubaya. Sikio lake lilikuwa jekundu. Alikuwa na karatasi ya baraza pale pale mbele yake, lakini alitakiwa asikie.

Matrona akamtazama mtoto. Watu waliokuwa wakipiga soga wakapunguza sauti. Nilisikia ndege kwa mbali, ama nilidhani nimeisikia, na nikamtazama Feona, naye akamtazama mama yake mkubwa, hakumharakisha. Angeweza kusema, "Jibu tu, mama mkubwa." Hakusema.

Matrona akageuza kiti. Akachuchumaa mbele ya mtoto, macho yao sawa, akasema naye kwa lugha yetu.

"Baba. Hawa watu wanataka kuniandika mama yako. Kwenye karatasi zao. Si kwamba wewe si baba yangu. Unaniruhusu?"

Mtoto akafikiri. Alifikiri sana, akiwa ameshika zipu ya koti lake.

"Nikikataa?"

"Tutakwenda nyumbani. Injini wataidai, na sisi tutavua kwa nyavu za ukingoni."

"Nikikubali, utaniita nani?"

"Nitakuita nani mwingine?"

"Utaniita baba?"

"Kila siku."

Mtoto akamtazama Colby kutoka juu mpaka chini, kama mtu anayepima mteja wa samaki.

"Andika," akasema. "Ila usinigombeze tena mbele ya watu."

"Na wewe usivue buti kwenye theluji."

"Sawa."

"Haya, sawa."

Matrona akainuka, goti likalia. Alimgeukia kijana, na hili alilisema mwenyewe, kwa Kiingereza chake kichache, bila Feona: "Ni mtoto wangu. Yeye amekubali."

Colby aliandika. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma: alimpa mtoto mkono, na kumshukuru. Mtoto akautikisa mara moja, akaenda kutafuta chungwa lingine. Matrona akatia sahihi polepole, akibana ulimi kwa meno.

Ndege ilikuja. Nilimsindikiza Feona mpaka kiwanjani, nikambebesha samaki wa kutosha Anchorage nzima, akalalamika kuhusu uzito kama wanavyolalamika wote. Kabla hajapanda alinishika bega.

"Mama, nilitaka kumjibia. Nilijizuia."

"Nilikuona."

"Ningemjibia ningekosea, sivyo?"

"Ungekosea."

Kwa majuma kadhaa baada ya hapo kila nilipomkuta mtoto nilimgusa paji la uso. Matrona aliniona. Hakukuwa na homa. Alipungukiwa na meno mawili ya mbele tu, na Evon alisema kijijini kote kwamba hiyo ndiyo haki.

Jibu lilikuja tukiwa kambini kwetu mtoni, samaki wamepanda, hatuna muda wa kukaa. Feona alikuwa amerudi likizo, mikono imejaa damu ya samaki, akaifuta kwenye nyasi ndipo akafungua bahasha. Walikuwa wamekubali. Hadaiwi kitu, na mtoto amehesabiwa wake.

Matrona alisikiliza mpaka mwisho. Kisu chake cha nusu mwezi kilikuwa kimesimama katikati ya samaki.

"Mwakani watauliza tena?"

"Kila mwaka, mama mkubwa. Ndivyo fomu ilivyo."

"Waulize." Akamaliza kumpasua yule samaki, akamrusha ndani ya beseni la Feona.

Mtoto alikuwa chini ya vichanja akiwafukuza shakwe kwa fimbo. Alituona tumesimama, akapiga kelele kuuliza kuna nini.

"Wamekubali, baba!" Matrona akamjibu.

"Wamekubali nini?"

"Kwamba wewe ni wangu."

"Kwani walikuwa hawajui?" akasema, na kurudi kwa shakwe wake.